Mkono wa Aliye Hai

Kitu kilikoroma gizani. Ilikuwa simu iliyolazwa juu ya mfuniko wa sufuria. Ikatetemeka mara mbili kwenye bati, ikanyamaza. Sikudhani alifumbua macho bila kusogea, maana mkono wake ulikuwa chini ya kichwa cha mwanawe, na mwenye mtoto wa pumu hujifunza kusikiliza kwanza. Akasikiliza. Pumzi ya Maua ilikuwa ikipanda na kushuka, na kale kafilimbi kake kifuani, kama siku zote alfajiri. Basi akanyoosha mkono wa pili, akaichukua simu, akasoma.

"Ndugu Sikudhani, Serikali yako sikivu inakupa pole kwa kuondokewa na mwanao MAUA. Huduma zake zote zimesitishwa ili apumzike vizuri. Asante kwa kuendelea kutuamini."

Alisoma tena, polepole, kama mtu anayetafuta kosa la tahajia. Halafu akaweka kiganja juu ya kifua cha marehemu. Kilikuwa cha moto. Marehemu akaguna, akageukia ukutani, akavuta shuka lote.

Nchi yenyewe haitatajwa hapa. Si kwa woga, hasha. Ni kwamba siku zile jina lake lilikuwa limepelekwa kufanyiwa ukarabati na halijarudi mpaka leo. Ilikuwa nchi nzuri, yenye mvua za kutosha na viongozi walioamka mapema ili wapate muda mrefu zaidi wa kupumzika. Na katikati ya mji mkuu, ndani ya jengo la Wizara ya Mitambo na Kumbukumbu, nyuma ya mlango wa chuma, ilikuwepo seva iliyotunza majina ya watu wote: nani kazaliwa, nani yu hai, nani katangulia. Hospitali ziliiuliza hiyo. Shule ziliiuliza hiyo. Hata bwana harusi, kabla hajasema ndiyo, aliulizwa kwanza kwa seva kama yupo.

Seva hiyo iliwashwa na Baba Mwasisi kwa kidole gumba chake mwenyewe. Wanaosema walikuwepo wanasema baada ya kuiwasha alitania kidogo na fundi umeme, akacheka, akatamka maneno ambayo kesho yake yalichongwa kwenye bamba la shaba na kupigiliwa mlangoni: MKONO WA ALIYE HAI USIIZIME MASHINE HII. Utani ule ukawa amri, amri ikawa sheria, sheria ikaundiwa kamati. Kamati ikaagiza neno la kuiamuru izime lifutwe ndani ya mashine, na kitufe chake kifunikwe kioo. Fundi umeme, aliyekuwa shahidi pekee wa kile kicheko, akapewa ubalozi wa mbali.

Sasa, seva ni kama nyumba. Hata ikijengwa na malaika, hupata nyufa. Waliotengeneza mfumo endeshi wake walilijua hilo, na kila mwezi walituma viraka vya usalama vya kuzibia matundu yaliyogunduliwa. Ila kiraka cha namna hiyo kina tabia moja: ukishakibandika hakishiki mpaka mashine izimwe, iwashwe upya. Na kuzima, kama tulivyoona, kulikuwa uhaini.

Wizara haikushindwa. Iliamua kwamba viraka vipokelewe.

Na vilipokewa kweli. Kila mwezi paliwekwa hema, kwaya ikaimba, Waziri akakata utepe, na kiraka kikaingizwa mle ndani ya mashine kikakaa kusubiri, juu ya wenzake waliokuwa wakisubiri tangu enzi. Taarifa ya mwaka ikasema viraka vimepokelewa kwa asilimia mia moja na nne, maana vingine vilipokewa mara mbili kwa jinsi hafla ilivyonoga. Sikudhani ndiye aliyekuwa Afisa Mpokea Viraka. Kazi hiyo aliipata kwa masomo ya jioni, akiwa na mimba ya Maua iliyomfanya asinzie juu ya kitabu, na aliipenda. Aliamini kwamba siku moja, kwa upole, bila ya mtu kuaibika, ile mashine itazimwa na kuwashwa.

Kisha vitu vikaanza kuingia.

Hakuna aliyejua ni nani au ni nini. Kilichoonekana ni kwamba jioni jina lilikuwa upande wa walio hai, asubuhi likakutwa upande wa pili; na mengine, yaliyokwisha kuombewa na kufunikwa udongo, yakawa yamerudi. Daktari mmoja wa mifugo, marehemu wa siku nyingi, akateuliwa mkuu wa wilaya, akasifiwa kwa kutokuwa na makuu. Walio hai waliokufa wakaombwa wawe watulivu. Sokoni muuza nyanya akawa anauliza kwanza, kwa adabu, uko hai kiserikali, mama? Watu wakaanza kupita barabarani bila kusalimiana, mtu asije akaitikiwa na asiyestahili kuitikia. Magharibi ikiingia milango ilifungwa, na ndani ya nyumba watu waliitana majina kwa sauti ya chini, kuhakiki tu.

Waziri, Mheshimiwa Mafumbata, aliulizwa redioni kuhusu matundu. Akasema nchi hii haina matundu, ina uwazi.

Asubuhi ile ya ujumbe, Sikudhani alimpeleka marehemu zahanati. Pampu yake ya pumu ilikuwa inaelekea kuisha, na Maua bila pampu alikuwa mtoto wa kukaa kitako kitandani, mabega yamepanda hadi masikioni, akiitafuta hewa kama mtu anayetafuta shilingi iliyoanguka mchangani. Nesi wa dirisha la dawa alikuwa mtu mwema. Alimtazama mtoto, akatazama kompyuta, akamtazama tena mtoto.

"Dada, mimi ninamwona," alisema. "Mfumo ndio haumwoni."

Akaeleza kwa huruma kwamba dawa ikitoka kwa jina la marehemu, kesho yeye nesi ndiye atakayekutwa hayupo. Akaongeza kuwa jambo la kushukuru ni kwamba waliotangulia hawasumbuliwi na pumu. Maua, aliyekuwa ameshika ukingo wa dirisha kwa vidole viwili, akamwuliza mama yake nani ametangulia. Mama akasema twende.

Kazini alifanya alichoweza. Alifungua jina la mwanawe akalirudisha upande wa walio hai. Jioni simu ikatetemeka: pole. Kesho yake akalirudisha tena. Jioni ikatetemeka: pole. Siku ya tatu alilirudisha, akalisindikiza kwa dua, akakaa macho akiitazama simu kama mtu anayemtazama nyoka aliyejikunja. Ujumbe ulipokuja ulikuwa mfupi. "Kama tulivyosema."

Hapo alielewa jambo ambalo kwa kweli alilielewa siku zote. Huwezi kudeki maji na bomba bado limepasuka. Kila atakapomfufua mwanawe, kilichoingia kwa lile tundu kitapita palepale na kumzika tena, mpaka siku pampu itakapoisha na serikali itakuwa, kwa mara ya kwanza, imesema kweli.

Akaenda kwa Mkurugenzi.

Mzee Nyangalio hakuwa mjinga, na ieleweke hivyo. Kitabu cha namna ya kubandika viraka na kuwasha upya seva ndiye aliyekiandika, enzi za ujana wake, na kinafundishwa katika nchi za watu. Alijua kila tundu. Alimsikiliza Sikudhani mpaka mwisho, akafunga dirisha, akamwambia jambo ambalo pale wizarani hakuna aliyelijua. Mkewe, Bi Tausi, walimzika mwaka juzi. Mwaka huu akarudi. Si mwenyewe, jina lake. Serikali ikamtumia salamu za siku ya kuzaliwa. Ikamwalika kupiga picha ya kitambulisho, naye mzee akaenda akakaa kwenye foleni kutwa nzima, akimshikia nafasi. Jumbe zote alizihifadhi. Jioni hukaa barazani akazisoma kwa sauti, na humjibia palepale pale ambapo yeye angejibu.

"Ukiliziba tundu hilo, Mama Maua," alisema, "mke wangu anakufa tena. Na safari hii nitakuwa nimetia sahihi."

Sikudhani alikuwa amekuja na hasira, sasa hakujua pa kuitua. Akafungua mkoba, akaitoa pampu, akaitikisa karibu na sikio la mzee. Ndani palisikika kitu kidogo tu, cha mpulizo mmoja au miwili.

Mzee aliendelea kusikiliza muda mrefu baada ya mkono wa Sikudhani kutulia. Kisha akasema, kama anayeongea na meza, kwamba kesho amlete marehemu kazini.

Walinzi wa wizara walikuwa wakali. Hakuna mtoto aliyewahi kuvuka lango lile. Lakini sheria yao ilihusu watoto walio hai, na walipoiuliza mashine ikawajibu kuwa mbele yao hapana mtoto. Wakatazama juu. Maua akapita chini ya kizuizi bila kuinama, akila biskuti, makombo yakidondoka njia nzima mpaka ghorofani.

Mzee Nyangalio aliwapeleka hadi kwenye mlango wa chuma, akasimama mbele ya lile bamba la shaba, akalisoma kwa sauti neno kwa neno. Alipofika kwenye "aliye hai" akanyamaza, akamtazama mtoto.

Sikudhani alielewa, na alipoelewa akamvuta Maua nyuma ya sketi yake. Humo ndani kiyoyozi kilipuliza kutwa kucha, akasema. Kifua cha huyu hata feni hakiwezi. Mzee hakubishana. Alivua koti lake akamvika mtoto, likafika chini likabaki la kuburuza. Akasema yeye haruhusiwi, Sikudhani haruhusiwi, Waziri haruhusiwi, Rais mwenyewe haruhusiwi, na katika nchi nzima ni wale waliofutwa tu ambao sheria haina neno nao. Kati ya hao wote, huyu ndiye aliye karibu na kitufe.

Mama alichuchumaa. Akamweleza mwanawe taratibu: kuna taa ya kijani, chini yake kioo, chini ya kioo kitufe. Inua kioo, bonyeza, shikilia mpaka taa ifumbe jicho, halafu acha, itajiwasha yenyewe. Maua akauliza kama itauma. Mama akasema haiumi, na hakujua alikuwa anajibu swali la nani. Akampulizia pampu mara moja, akamfunga vifungo vyote vya koti, akamwacha apite kwenye mlango ambao mzee alikwisha kuufungua.

Taa ikafumba jicho.

Kulikuwa na mvumo katika jengo lile, mvumo ambao watu walishazoea hata hawausikii, na sasa ndipo waliposikia kwamba umekoma. Ghorofa zote watu wakainua vichwa. Makarani wakajishika mikono. Kwa muda ule mfupi, katika nchi yote, hapakuwa na aliyezaliwa wala aliyekufa. Wote walikuwa kitu kimoja, kisichoandikwa popote. Barazani kwa mtu fulani mzee, simu iliyozoea kuita haikuita. Na mlango wa chuma, ambao kufuli lake lilikuwa likiitii mashine, ukajifunga wenyewe kwa mlio wa chini, kama wa mtu anayemeza mate.

Sikudhani aliusukuma. Akausukuma tena kwa bega.

Kisha mvumo ukarudi, ila mlango ukabaki umefungwa. Viraka vya miaka vikashika kimoja baada ya kingine, matundu yakazibwa, na mzee, mbele ya kompyuta ya pale mlangoni, akairudisha nakala ya majina iliyotunzwa kabla balaa halijaanza. Alitafuta majina mawili tu. La kwanza lilisema: MAUA, hai. La pili hakulisoma. Alivua miwani kwanza, akaliacha likae pale kwenye kioo mbele yake likiwa ukungu.

Mheshimiwa Mafumbata alifika na msafara kabla mzee hajaivaa tena. Alikuwa ametikisika. Simu yake, ambayo humwita Mheshimiwa, kwa dakika kadhaa ilikuwa imemwita mteja. Akauliza nani kaizima mashine ya Baba Mwasisi. Mkurugenzi akamjibu kuwa hakuna mkono wa aliye hai ulioigusa, imezimwa na marehemu. Waziri akapumua. Akasema hilo ni sawa, hilo halina shida kisheria, hata ni heshima, na akaomba aonyeshwe marehemu apeane naye mkono.

Ndipo mlinzi mmoja, kijana mtiifu, alipoitazama kompyuta na kusema, kwa unyenyekevu wote, kwamba Mheshimiwa, aliyemo humo ndani ni hai.

Kama ni hai, basi mkono ulikuwa wa aliye hai. Kama mkono ni wa aliye hai, sheria imevunjwa, na imevunjwa Wizarani kwake, ndani ya kipindi chake. Waziri akatafakari, na baada ya kutafakari akamgeukia Sikudhani kwa sauti ile ya kuzindulia visima. Akamwambia mwananchi, taifa linakuomba kitu kidogo. Mwanao alikuwa amekwisha kutangulia, na wewe ulikwisha kupewa pole, tena kwa wakati. Aendelee tu. Atajengewa sanamu. Shule itapewa jina lake, shule nzuri ya ghorofa, ingawa kwa hali yake hataweza kuisoma. Vizazi vitajua kwamba paliwahi kuwa na mtoto aliyekubali kutokuwepo kwa ajili ya utaratibu.

"Mheshimiwa," alisema Sikudhani, "mwanangu ana pumu, na humo ndani kuna baridi."

Waziri aliguswa. Akaagiza kwamba, kwa kuzingatia baridi hiyo, Utaratibu wa Kuthibitisha Utupu uanze mara moja.

Utaratibu wenyewe ulikuwa wa zamani na kila mtumishi aliujua. Chumba cha serikali kikitiliwa shaka, kiongozi husimama mlangoni akauliza mara tatu kama mna mtu. Asipojibiwa, chumba ni kitupu kisheria, na yeyote atakayekutwa humo baadaye hajawahi kuwemo. Jibu la mzazi halipokelewi, kwa kuwa mzazi ana maslahi. Kila swali hutanguliwa na vyeo vya muulizaji, vikisomwa na katibu. Redio ya Taifa ikaunganisha waya. Walinzi wawili wakaupa mlango mgongo, macho chini, na mmoja wao akamnong'oneza Sikudhani kuwa yeye naye ana wawili nyumbani, asimwone mbaya. Wakamletea mfiwa kiti.

Hakukaa. Alimwita Maua kwa jina, mara nyingi, mpaka koo likakauka, lakini mlango ulikuwa mnene na ndani mashine ilikuwa ikivuma.

Katibu akasoma vyeo. Waziri akasogeza kipaza sauti kwenye matundu madogo ya mlango, akauliza kama humo ndani mna mtu. Sauti yake ikaingia, ikazunguka huko, ikarudi peke yake. Nchi nzima ikaisikia ikirudi.

Katibu akasoma vyeo tena, pamoja na shahada mbili za heshima zilizosahaulika mwanzo. Waziri akauliza mara ya pili. Mashine ikavuma. Ndani ya huo mvumo Sikudhani alisikia, au alidhani alisikia, kikohozi kikavu. Akasema anakohoa. Waziri akamwambia kwa upole kwamba hizo ni feni.

Katibu akainua karatasi yake mara ya tatu, akalainisha koo.

"Ruka vyeo," alisema Mzee Nyangalio.

Hakusema kwa nguvu. Ila alikuwa amesimama bila koti, bila miwani, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyetoka kuzika asubuhi hiyohiyo, na katibu, aliyefanya kazi chini yake toka ujana, akaikunja karatasi. Waziri akasubiri vyeo vyake. Havikuja. Redio ilikuwa hewani, na kimya kilikuwa kinaingia majumbani, kwenye saluni, kwenye vibanda vya chipsi, kwa akina mama waliosimama na miko mikononi, kwa watu waliofungiwa milango na majirani zao kwa sababu hawakuwepo. Ikambidi Waziri aulize akiwa mtu tu.

"Humo ndani mna mtu?"

Feni zikavuma. Mwandishi wa Redio ya Taifa akaanza kuhesabu kwa vidole, kama utaratibu unavyotaka. Sikudhani alikuwa amebana sikio kwenye chuma, baridi ya chuma imemwingia hadi kwenye meno, na aligundua kwamba yeye mwenyewe ameacha kupumua, kana kwamba hewa aliyoiacha ingeweza kupenya kwa lile tundu la kipaza sauti ikamfikia mwenye haja nayo.

Vidole vya mwandishi vilikuwa vimebaki viwili pale kitu kilipoburuzwa sakafuni upande wa pili. Kikasimama. Kikaburuzwa tena, kikaja hadi mlangoni kabisa, na kwenye redio zote za nchi ikasikika pumzi, fupi fupi, yenye filimbi ndani yake, ikijikusanya.

"Nipo, ila mlango mzito."